Mia Mbili, Mara Mia Nne

Mpwa wangu anaendesha bodaboda Kongowea. Jumapili moja alikuja nyumbani kuniomba nimkopeshe elfu nane. Tairi ya nyuma imeisha, bima nayo inakaribia. Nikamwambia pesa nitazitafuta, ila kwanza anionyeshe taarifa yake ya M-Pesa ya miezi sita. Akanyamaza, akacheka kile kicheko cha mtu aliyeshikwa shati, kisha akabonyeza *334# akaiomba. Ikaingia kwenye barua pepe, kurasa arubaini na kitu. Tukaketi barazani, yeye anasoma, mimi naandika nyuma ya bahasha.

Kabla hatujaanza nilimuuliza: miezi sita hii kubeti kumekula ngapi?

"Elfu kumi hivi, mjomba. Ikizidi sana kumi na mbili. Na nimeshinda pia."

Kushinda alishinda kweli. Mara 19 pesa zilitoka kwenye kampuni zikaingia kwenye simu yake, jumla shilingi 41,200. Zote alizikumbuka moja moja, siku, mechi, na aliyefunga bao. Upande wa pili kulikuwa na miamala 412: ya hamsini, ya mia, ya mia mbili, mara chache ya elfu. Hiyo hakukumbuka hata mmoja. Jumla yake ilikuwa 87,450. Ukitoa kilichorudi, kilichopotea ni 46,250. Chumba anacholala analipia 4,500 kwa mwezi. Alikuwa ameicheza kodi ya miezi kumi na chenji.

Gawanya 87,450 kwa 412 upate wastani wa kila muamala: 212. Ni sahani ya wali hotelini na soda. Hakuna mtu aliyeharibikiwa na maisha kwa shilingi 212, na hapo ndipo tatizo lilipojificha. Mchezaji hupiga hesabu ya mkeka mmoja, yaani tiketi moja ya kubeti, kisha mwingine, na kila mkeka ni siku mpya. Kampuni yenyewe haipigi hesabu ya mkeka. Inapiga ya mwaka, ya watu wote kwa pamoja. Anayejua jumla ndiye mwenye mchezo. Kwa hiyo tuanze na hesabu yao, tupate kujua yetu.

Tuseme kuna mechi ambayo wenyeji wamepewa odi, yaani namba inayozidisha dau lako ukipatia, ya 2.50, sare 3.10, wageni 2.75. Chukua 100 uigawe kwa kila odi: unapata 40, 32.3 na 36.4. Zijumlishe: 108.6 na ushei. Mechi ina matokeo matatu tu na lazima moja litokee, kwa hiyo odi za haki zingejumlika 100 kamili. Zile 8.6 zilizozidi ndizo za mwenye duka. Maana yake, katika kila shilingi 100 zinazowekwa kwenye mechi kama hiyo, kwa muda mrefu, wachezaji wote kwa pamoja hurudishiwa 92. Nane zimebaki, awe ameshinda nani, awe amefunga nani.

Nane si nyingi. Hata dalali wa nyumba hula zaidi. Lakini ni nani Kongowea anayebeti mechi moja? Odi ya 2.50 haimtajirishi mtu. Watu wanatandika mkeka: mechi kumi, kumi na tano, odi zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe mpaka shilingi 50 inaonyesha 38,000. Kinachosahaulika ni kwamba yale makato ya mwenye duka nayo yanazidishwa. Piga 0.92 mara yenyewe, mara kumi: inabaki 0.43 hivi. Mkeka wa mechi kumi unarudisha, kwa wastani, shilingi 43 na senti kwa kila 100. Ndiyo sababu bonasi hupewa mwenye mkeka mrefu, na tangazo la redioni halikuhimizi uweke mechi moja ulale.

Mkeka mrefu una kitu kingine zaidi ya hesabu. Unachanika kwa mechi moja. Tisa zimeingia, ya kumi imesawazishwa dakika ya 89, na jamaa anazunguka mtaa mzima akisimulia jinsi alivyokosa 38,000 "kwa bao moja tu". Hajakosa 38,000, amepoteza 50 kama aliyekosa zote kumi. Mwili wake hauelewi hivyo. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Luke Clark wa Cambridge walionyesha kwa picha za ubongo kwamba kukosa kwa chupuchupu huamsha sehemu zile zile zinazoamshwa na ushindi, na humwongezea mtu hamu ya kucheza tena. Walitumia mchezo mfano wa mashine ya picha zinazozunguka, lakini aliyewahi kukaa kwenye kijiwe cha bodaboda Jumamosi usiku hahitaji mashine.

Jakipoti ni habari nyingine. Mwaka 2017 Mkenya mmoja alishinda shilingi milioni 221 za SportPesa, na picha yake na hundi ile kubwa kama mlango bado inazunguka kwenye vichwa vya watu. Jakipoti kubwa ya aina hii huwa na mechi 17. Kila mechi ina matokeo matatu, kwa hiyo njia za kuijaza ni tatu kumi na saba zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe: njia 129,140,163. Utasema mpira wewe unaujua, hujazi kama kipofu. Haya, tukupe ujuzi mkubwa: kila mechi una nafasi nusu kwa nusu ya kupatia, ingawa mechi zenyewe huchaguliwa zile ngumu. Hapo nafasi yako ni moja katika 131,072. Ukijaza tiketi moja kila wiki, wastani wa kusubiri ni miaka 2,520. Yaani ungeanza kujaza miaka mia tano kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, ndipo mwaka huu uanze kukaa karibu na simu.

Serikali nayo ina mkono wake. Tangu Julai 2025 sheria ya fedha ya Kenya inakata asilimia 5 ya kila pesa inayowekwa kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 nyingine inapotolewa. Weka 100, zinaingia 95. Zipitishe kwenye mkeka wetu wa mechi kumi, kwa wastani zinabaki 41 na senti. Zitoe, zinakatwa tena: 39. Kabla ya hapo ushuru ulikuwa wa namna nyingine na mzito zaidi kwenye karatasi. Mwaka 2019 ulifika asilimia 20 ya kila dau, kampuni kubwa zikafunga milango kwa muda, watu wakahamia kwenye kampuni nyingine jioni ile ile. Binafsi sioni kwamba ushuru umewahi kumwachisha mtu kamari. Umebadilisha tu nani anakula kipande gani cha ile mia.

Hadi hapa nimezungumzia mpira, na mpira una huruma moja: unachukua dakika tisini. Kurasa za mwisho za taarifa ya mpwa wangu zilikuwa na sura tofauti. Miamala ilikuwa imebanana, saa tano usiku, saa tano na dakika nne, saa tano na dakika tisa, hamsini, hamsini, mia, mia mbili. Hakuna ligi inayochezwa hivyo. Nikamtazama.

"Kindege," akasema.

Kindege ndicho Aviator. Ndege nyekundu inapaa kwenye skrini na namba inapanda nayo, 1.20, 1.85, 3.00, na unatakiwa ubonyeze kutoa kabla haijatoweka. Ikitoweka kabla yako, dau limekwenda. Waliotengeneza wanasema kinarudisha asilimia 97, yaani makato ni 3 tu kwa mia, nafuu kuliko mpira. Na mpwa wangu aliniambia hilo hilo, kwa fahari kidogo, kama mtu aliyepata duka la bei ya jumla.

Ila makato huhesabiwa kwa kila raundi. Tuseme raundi mbili kwa dakika na dau la shilingi 50. Kwa saa moja ni raundi 120, na pesa iliyopita mezani ni 6,000, hata kama mfukoni mlikuwa na 500 zinazokwenda na kurudi. Asilimia 3 ya 6,000 ni 180. Kwa hiyo saa moja ya kindege cha hamsini hamsini inagharimu, kwa wastani, shilingi 180, na huo ni wastani wa mtu mtulivu asiyepandisha dau anapoliwa. Sijakutana naye bado. Mia tano inayoishia kwenye kindege haiondoki na makato ya asilimia 3. Inaondoka kwa sababu ilizungushwa mpaka ikaisha.

Kasi hii si hisia zangu tu. Tume ya jarida la Lancet Public Health iliyotoa ripoti yake Oktoba 2024 ilipiga hesabu ya dunia nzima: watu wazima wapatao milioni 450 wana angalau dalili moja au wamepata madhara ya kamari, na kati yao milioni 80 wana ugonjwa wenyewe. Lakini tazama walivyotofautisha michezo. Kwa watu wazima wanaobeti michezo ya viwanjani, ugonjwa huenda ukawapata asilimia 8.9. Kwa wanaocheza kasino za mtandaoni na mashine za bahati, ni asilimia 15.8, karibu mmoja katika sita. Kwa vijana wadogo wanaocheza hizo hizo, asilimia 26.4, mmoja katika wanne. Na vijana hao kisheria hawakutakiwa wawe pale. Kenya na Tanzania umri ni miaka 18. Uganda, kwa sheria yao ya 2016, ni 25. Na bado ukipita Kampala jioni vibanda vimejaa vitoto visivyoota ndevu.

Kwetu Kenya namba inayorudiwa zaidi ni ya kampuni ya utafiti ya GeoPoll ya mwaka 2017: katika vijana wa miaka 17 hadi 35 walioulizwa kwa simu, asilimia 76 walikuwa wamewahi kucheza kamari, wa kwanza kati ya nchi sita za Afrika zilizopimwa. Isomwe vizuri. "Amewahi" si "ameshindwa kuacha". Wengi wa hao 76 waliweka hamsini ya Kombe la Dunia wakaendelea na maisha yao, na kuwaita wote wagonjwa ni kuwafanya wagonjwa wa kweli wasionekane. Kinachohitajika ni kipimo cha kumtenga mmoja na mwingine.

Kipimo kipo, na ni cha bure. Kilitungwa Kanada mwaka 2001 na kinatumika duniani kote. Kina maswali tisa kuhusu miezi 12 iliyopita. Kila swali linajibiwa kwa alama 0, kamwe, mpaka 3, karibu kila mara; jumla ya juu kabisa ni 27. Moja au mbili ni hatari ndogo. Tatu hadi saba ni hatari ya kati. Kuanzia nane, kamari inakutawala.

Nilimuuliza mpwa wangu maswali yote tisa pale pale, bahasha imeshajaa, nikahamia kwenye karatasi ya sukari. Umebeti zaidi ya unachoweza kupoteza? Mbili. Umehitaji dau kubwa zaidi ili usikie raha ile ile? Moja. Umerudi siku nyingine ili kurudisha pesa iliyoliwa? Hapo hakufikiri: tatu. Umekopa au kuuza kitu upate ya kubeti? Tatu. Afya yako imeguswa, mawazo, usingizi? Moja, akasema, ingawa mamake anasema haoni akilala. Watu wamekusema? Mbili. Nyumba imekosa kitu kwa sababu ya kubeti? Mbili. Umejisikia vibaya kwa unavyobeti? Mbili.

Swali moja nililiacha mwisho makusudi: umewahi kuhisi kwamba huenda una tatizo?

"Hapana, mjomba. Sifuri."

Jumla 16. Mara mbili ya ile nane inayoanzisha kiwango cha juu kabisa cha kipimo, na ndani yake sifuri moja. Tulicheka wote wawili, halafu hatukucheka.

Madaktari wana orodha yao, nayo ina dalili tisa. Mwongozo wa Wamarekani wa mwaka 2013 unasema nne ndani ya miezi 12 zinatosha kuitwa ugonjwa, na ndio uliohamisha kamari ukaiweka pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo linautambua, kwa namba 6C50 katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Sitazitaja dalili zote tisa. Katika hizo, ya kuangalia kwanza ni ile ya kurudisha. Anayecheza kwa furaha akiliwa hununua chai akaenda zake. Anayecheza kwa ugonjwa akiliwa huanza hesabu mpya: nimepoteza elfu mbili, nikiweka elfu mbili kwenye odi ya 2.00 inarudi yote, basi, naacha. Neno lenyewe linasema. Harudi kushinda, anarudi kuchukua kilicho chake. Na odi hazijui kilikuwa cha nani.

Ya pili ni uongo. Kuna kipimo cha maswali mawili tu, cha mwaka 1997, ambacho mke anaweza kukiuliza jikoni huku anakuna nazi: umewahi kuhisi lazima uweke pesa nyingi zaidi na zaidi? Umewahi kuwaficha watu wako kiasi unachocheza? Jibu moja la ndiyo linatosha kumfanya mtu akae chini na taarifa ya simu. Na mara nyingi ndiyo huonekana kabla haijasemwa. Simu inalazwa kifudifudi mezani. Ujumbe wa M-Pesa unafutwa ukiingia tu. Mshahara umeingia tarehe 28, tarehe 30 anaomba ya matatu. Anakasirika kwa matokeo ya timu asizozishabikia. Mtu wa Kongowea anajua nani kaumia katika ligi daraja la pili la Finland, na hata jina la beki wao hawezi kulitamka.

Sasa deni, maana hapa ndipo familia huumia na hapa ndipo familia hukosea. Katika ile taarifa nilihesabu mara 63 alizofuliza, yaani alizokopa kupitia Fuliza ya M-Pesa salio lilipopungua. Mwanzoni nilidhani anafuliza abeti. Tulipofuata saa na dakika tukaona kinyume chake: asubuhi anabeti pesa ya mafuta, saa nne anafuliza mafuta. Kamari haikuonekana kwenye deni hata kidogo. Deni lilikuwa la petroli, la unga, la kodi, vitu vya heshima. Na kwa kuwa kila shilingi inayoingia kwenye simu hulipa kwanza lile deni, abiria akimtumia 150, pesa inamezwa kabla hajaiona. Mwisho wa siku amefanya kazi saa kumi na mbili na hana kitu, na ufumbuzi ulio karibu zaidi ni mkeka.

Mwaka uliopita dada yangu alimlipia. Alichukua 30,000 za chama, akampa mkononi, akamwambia lipa watu wote uanze upya. Kijana akalipa kweli, nalisema hili kwa haki yake. Programu tatu za mikopo zikamshukuru kwa ujumbe mzuri, na zikampandishia kiwango, kwa sababu kwao mtu aliyelipa deni lote kwa mpigo ni mteja bora. Baada ya wiki saba alikuwa anadaiwa zaidi ya mwanzo. Dada alibaki na pengo kwenye chama na aibu mbele ya wenzake kumi na wanne, na mpaka leo hajawaambia pesa ilikwenda wapi.

Hesabu ya Australia, iliyochapishwa mwaka 2017, inasema mtu mmoja mwenye tatizo kubwa la kamari huwagusa wengine sita. Nilijaribu kwa mpwa wangu: mamake, mkewe, mtoto, mwenye pikipiki, mimi, na jirani aliyemwazima 2,000. Sita kamili, na sijawahesabu wanachama.

Kwa hiyo ile elfu nane sikuitoa mkononi. Tairi nililipa dukani mwenyewe, na bima tukaenda pamoja. Madeni mengine tukayaandika yote kwenye karatasi moja, la jirani kwanza, na kila wiki analipa kidogo kidogo kutoka kwenye kazi yake, mkewe akishika laini inayopokea pesa za abiria wa kudumu. Deni la Fuliza tulipolimaliza tulijiondoa kabisa katika huduma hiyo. Jambo hilo linawezekana, ila deni lazima liwe sifuri kwanza. Simu yake tukaiwekea BetBlocker, programu ya bure ya shirika la hisani la Uingereza inayofunga tovuti za kamari kwa muda unaochagua mwenyewe, kuanzia saa 24 mpaka miaka. Kampuni aliyokuwa akichezea tuliiandikia ifunge akaunti. Walifunga siku ya tisa, baada ya kumtumia ofa mbili za bonasi.

Hizo zote ni kufuli. Kufuli hununua muda, lakini ugonjwa hautibiwi na kufuli, na muda huo una kazi yake. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa 2022 uligundua kuwa katika watu wenye tatizo kubwa la kamari, mmoja tu kati ya watano amewahi kutafuta msaada. Wanne wanabaki na kufuli, au hata hiyo hawana.

Msaada wenyewe si mgumu kama watu wanavyodhani. Matibabu yenye ushahidi mwingi zaidi ni mazungumzo ya mpangilio na mtaalamu wa saikolojia, ya wiki kadhaa, ambayo humfundisha mtu kuitambua ile fikra ya "nirudishe tu" inapoingia, na kuvunja mazoea yanayoitangulia. Kwa mpwa wangu zilikuwa saa tano usiku, chumbani, taa imezimwa. Hakuna dawa iliyoidhinishwa rasmi kwa ajili ya kamari, ingawa huzuni na wasiwasi vinavyokwenda nayo vina dawa. Kenya mtu anaweza kupiga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu kwa ushauri nasaha, au 1192 ya NACADA, mamlaka ambayo kazi yake kubwa ni kupambana na pombe na dawa za kulevya, na kwa wengi kamari na pombe vimefuatana. Kliniki ya afya ya akili ipo katika hospitali kubwa za rufaa, na Nairobi kuna Mathari. Aliye Tanzania ana Mirembe pale Dodoma na Muhimbili Dar es Salaam. Aliye Uganda ana Butabika. Ukifika dirishani sema wazi kwamba umeletwa na kamari. Ukisema "mawazo" tu huenda ukapewa dawa ya usingizi, na usingizi haukuwa shida. Kuna pia vikundi vya Gamblers Anonymous, vilivyoanzia Los Angeles mwaka 1957, ambavyo sasa hukutana hata kwa intaneti na simu, bila kuulizwa jina la ukoo.

Na kuna jambo moja lisilosubiri miadi. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2018, uliofuatilia watu waliokwisha kupewa jina la ugonjwa huu hospitalini, ulikuta vifo vya kujiua kati yao ni mara 15 zaidi ya watu wa kawaida. Huko ni Uswidi na hao ni wagonjwa waliozidiwa, lakini ukimsikia mtu mwenye madeni ya kamari akisema ni afadhali asiwepo, au akianza kugawa vitu vyake, usimpigie hesabu ya aliyopoteza. Kaa naye, piga 1199 ukiwa naye, mpeleke hospitali usiku huo huo. Kenya hofu ya polisi isimzuie mtu tena: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba.

Mpwa wangu yeye alianza na simu. Alipiga 1199 akiwa amekaa juu ya pikipiki nyuma ya soko la Kongowea, kofia ngumu kichwani, ili akikutwa aonekane anaongea na abiria. Dakika kama thelathini na tano, anasema. Baada ya hapo akaenda hospitalini mara nne, akaruka wiki moja, akarudi.

Miezi mitatu imepita. Juzi taarifa yake ya M-Pesa iliingia kwenye simu yangu bila mimi kuiomba. Nimeipitia na kalamu. Miamala ya kubeti ni 31, jumla 4,900. Kati ya hizo, 2,300 zilikwenda usiku mmoja, kwenye kampuni nyingine ambayo hatukuwa tumeiandikia, Alhamisi ambayo mwenye pikipiki alikuwa amemnyang'anya pikipiki kwa siku mbili. Nilikuwa bado nashangaa niseme nini alipopiga.

"Shikamoo mjomba. Umefika ukurasa wa sita?"

"Marahaba. Nimefika."

"Basi ile ya Alhamisi nimeijumlisha mwenyewe. Nataka tu uangalie kama yako imetoka sawa na yangu."